Ufito wa Johari

Kishindo chenyewe kilikuwa kidogo, mfano wa kitabu kilichoponyoka mkononi mwa mtu aliyesinzia. Adhana ya alfajiri ilikuwa bado. Umeme ulikuwa umekatika, na nyumba yetu ya Mji wa Kale, Mombasa, ilikuwa giza totoro. Nikawasha tochi ya simu, nikashuka ukumbini. Johari alikuwa chini tunduni, mbawa zimetanda, mdomo wazi, anahema. Kwenye gazeti nililomtandikia palikuwa na matone ya damu. Juu yake, ule ufito niliomwekea miezi miwili kabla ulikuwa ukimetameta katika mwanga wa simu kama mguu wa kitanda cha bibi harusi.

Johari ni kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu. Aliingia nyumbani kabla mimi sijazaliwa, akawa wa bibi, na bibi alipofariki akawa wangu mimi. Kwao kasuku hawa ni misitu ya Afrika Magharibi na ya Kati mpaka Uganda, na upande wa mashariki wanaishia Kakamega. Wamekamatwa sana porini, hata mwaka 2016, katika mkutano wa CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, uliofanyika Johannesburg, nchi wanachama zikakubaliana kukataza biashara ya kimataifa ya kasuku hawa wanaotoka porini, na katazo likaanza kazi Januari 2017. Kwetu Kenya, kumfuga kunataka kibali cha KWS, shirika la serikali la wanyamapori, kwa mujibu wa sheria ya wanyamapori ya 2013. Karatasi ya Johari iko kabatini pamoja na vyeti vyetu vya kuzaliwa. Nayasema haya ili ieleweke kwamba ndege wa namna hii si wa kumharibu leo ukanunua mwingine kesho. Anaweza kuishi miaka arobaini na zaidi, na miaka yote hiyo anaishi kwa namna tulivyomwekea sisi.

Tundu la bibi lilikuwa na ufito mmoja mkubwa wa mpera, umepinda katikati, umetafunwa, una vifundo, na umekuwa mweusi kwa uzee. Wiki moja baada ya arobaini ya bibi niliosha tundu zima kwa sabuni, nikautazama ule mti, nikaona ni uchafu. Nikautupa jaani. Kisha nikaenda kwa mjomba wangu, ambaye kazi yake ni kukereza: miguu ya samadari, nguzo za ngazi, vijiti vya viti. Nilimwamkia, nikamweleza haja yangu.

"Marahaba, mwanangu. Kasuku wa mama lazima apate kitu cha maana," akasema.

Akachukua kipande cha mvule, akakikereza kikawa mviringo sawasawa kutoka ncha hadi ncha, akakipiga msasa mpaka kikawa kama shavu la mtoto, akakipaka vanishi mara mbili. Kilikuwa kizuri, na sitasema vinginevyo. Nilikitia tunduni, nikapiga picha, nikawatumia dada zangu.

Johari alinipa habari tangu siku ya kwanza, nami sikuisoma. Alisimama kwenye ncha kabisa ya ufito, ubavu umegusa nyaya za tundu, na mdomo umeuma waya mmoja. Nikadhani amekipenda kile kipembe. Kumbe alikuwa ameshika ukuta, kama mzee anayetembea kwenye sakafu yenye maji. Jambo la pili nililiona baadaye sana: aliacha kuinua mguu. Zamani kila alasiri alijitutumua manyoya, akauinua mguu mmoja akaufukia tumboni, akalala kwa mguu mmoja. Sasa alilala kwa miguu miwili, na kila baada ya kitambo akiibadilisha, huu kisha huu, huu kisha huu.

Ndege hana kiti wala kitanda. Sisi tukichoka tunaketi, na kukaa kukituchosha tunajinyoosha. Kasuku wa tunduni yuko juu ya nyayo zake asubuhi, mchana na usiku kucha. Mungu amemwekea msaada: kano ndefu zinazoshuka nyuma ya mguu hadi vidoleni. Akichuchumaa kulala, uzito wa mwili huzivuta kano hizo, na vidole vikajifunga vyenyewe, viwili mbele na viwili nyuma, kama koleo. Ndiyo sababu hulala mtini asianguke. Lakini koleo nalo linataka kitu cha kung'ata. Juu ya mti uliopigwa vanishi, vidole vilivyojifunga huzunguka tu, kama pete kwenye kidole chenye sabuni. Akishtuka gizani mwili ukalalia upande mmoja, pete inazunguka naye anakwenda chini.

Mwenye mbawa nzima angepiga mapigo mawili matatu akatua salama. Johari mbawa zake zilikuwa zimepunguzwa, na aliyezipunguza ni mimi, kwa kuogopa paka wa mtaani. Basi alianguka kama jiwe. Alitua kwa kidari, pale mfupa unapochomoza kama mkuku wa mashua, na ngozi ikapasuka urefu wa kucha ya kidole changu.

Daktari wa mifugo alimshona. Alipomaliza hakumrudisha kwenye kikapu. Alimgeuza, akaivuta taa karibu, akaniita nitazame nyayo. Unyayo wa kasuku mwenye afya, ukiutazama kwa karibu, umejaa vinundu vidogo vidogo vilivyopangana kama ganda la fenesi. Wa Johari ulikuwa na vinundu pembeni tu. Katikati, chini ya kila mguu, palikuwa na duara lililofutika, jekundu, linang'aa kama mdomo uliopakwa mafuta.

"Hapa ndipo anaposimama," daktari akasema. "Saa zote, mahali pamoja, kwa sababu mti wenyewe ni mmoja pote."

Akanieleza njia ambayo duara lile lingefuata kama ningeliacha. Ngozi iliyolainika hupasuka, vijidudu vikaingia, kidonda kikafanya usaha na kigaga, kikashuka kwenye kano, kikafika mfupani. Ndege wakubwa hufa kwa vidonda vya nyayo. Akaniuliza anakula nini. Nikamjibu, mbegu za alizeti, kama alivyozoea. Hapo pia palikuwa na kosa: mbegu tupu zina mafuta mengi na vitamini A kidogo, na ngozi inayokosa vitamini hiyo haina nguvu ya kujilinda. Tangu siku hiyo Johari anakula karoti, boga, mchicha na pilipili. Pilipili anazila bila kukunja uso, maana ukali wake ndege hausikii.

Ningemuuliza daktari ufito mwema ni upi, ningeokoa mengi. Sikuuliza. Nilitoka pale na neno moja tu kichwani, kwamba ufito unateleza, nikarudi kuutafutia dawa ya utelezi. Nikakata karatasi za msasa, nikazizungushia kwenye ufito uleule wa mjomba. Niliwahi kuona dukani vifuko vya msasa vya kuvisha fito, vinauzwa kwa hoja kwamba vinapunguza makucha. Fikiri kidogo tu utaona hoja hiyo haisimami: ncha za makucha huning'inia pembeni, zinazolalia msasa ni nyayo. Nilichukua ndege mwenye ngozi iliyoisha nikamsimamisha juu ya tupa. Siku ya nne magazeti yalikuwa na alama nyekundu. Nilizibandua karatasi zote za msasa usiku uleule.

Kosa la tatu ndilo linaloniuma mpaka leo, kwa sababu lilionekana jema kwa muda mrefu. Nilinunua kamba ya pamba, ile nyeupe laini ya kuanikia nguo, nikauzungushia ufito mzunguko kwa mzunguko, nikakaza. Johari aliupenda. Akaacha kuuma nyaya, akawa anasimama katikati, na ule wekundu wa nyayo ukaanza kufifia. Nikawaambia watu wa nyumbani kwamba jambo limekwisha. Kazi ya mdomo wa kasuku ni kuchambua, na kila siku alichambua kamba ile nyuzi moja moja, mpaka mahali pamoja pakaota kama ndevu. Niliziona ndevu zile. Nikasema anacheza, muache acheze.

Asubuhi moja nilimletea kipande cha tende asije. Alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, na ule mwingine anaudonoa yeye mwenyewe, anaudonoa na kuguna. Nilipoukamata niliona kidole cha nyuma cha nje kimevimba kikawa na rangi ya zambarau lililoiva. Uzi sikuuona. Niliona mkunjo tu, kama pale mtoto mnene anapokunja kifundo cha mkono. Uzi ulikuwa ndani ya mkunjo, mwembamba kuliko unywele, umezama nyamani.

Dada yangu alimfunga kwa taulo. Aliyashika mashavu yake kwa vidole viwili ili asiume, na mwili akauachia nafasi, kwa sababu daktari alikuwa ametuonya: ndege hupumua kwa kidari kupanda na kushuka, ukikibana huchukui muda kumuua. Mimi nilishika mkasi mdogo wa kucha na lenzi ya kusomea ya marehemu bibi. Mara ya kwanza nilikata ngozi. Mara ya pili nikapata uzi, ukakatika, lakini ulikuwa umezunguka zaidi ya mara moja. Mikono ilikuwa inanitetemeka. Johari alikuwa akinitazama kwa jicho moja la manjano, hapepesi kope. Tulipofika kwa daktari alitoa vipande vilivyobaki, akasafisha, akatwambia tungoje. Kidole kilipona. Ukucha wake ulianguka siku ya kumi na mbili, haukuota tena. Kasuku ana makucha manane. Johari ana saba.

Siku hiyo nilijua pia kwamba nyuzi zinazomezwa hujikusanya donge kwenye mfuko wa chakula ulio shingoni na kuuziba, na kwamba tungeweza kumzika kwa hilo kabla ya kidole. Watu huniuliza kuhusu kamba ya mkonge au ya usumba. Ni ngumu kidogo kuchambuka, lakini nazo huchambuka, na kamba nyingine za mkonge hutoka kiwandani zikiwa na mafuta. Inuse kabla hujainunua. Mwenye nafasi ya kuikagua kamba kila siku ya Mungu, akakata kila uzi unaochomoza na kuitupa ikizeeka, na aitumie. Nyumba yetu ina watu wenye shughuli, na mimi nimejipima nikajijua.

Mjomba alikuja mwenyewe aliposikia habari ya ukucha. Aliketi mbele ya tundu kimya, kisha akasema, "Mwanangu, mimi nilimkerezea mtu. Nilitazama kwa jicho la mwenye kununua kitanda." Akauliza ule mti wa mama uko wapi. Nikamwambia nimeutupa. Hakunilaumu. Kesho yake alinipeleka kwake Likoni, uani, penye mpera ambao haujawahi kupuliziwa dawa ya wadudu.

Kuchagua mti si jambo la kubahatisha. Mparachichi hatuukaribii, kwani parachichi lina sumu inayoua ndege. Mnyaa wa uani una utomvu unaounguza. Oleanda, ile yenye maua ya waridi, ni sumu kutoka jani hadi gome. Mbao zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa na vipande vya chombo kilichovunjwa, vyenye rangi na misumari, vyote tuliviacha, ingawa jirani mvuvi alituletea kimoja kwa moyo mweupe. Mti usioujua jina, usimpe ndege. Mpera tunaujua, matunda yake tumekula sote, na ni mgumu; mti laini kasuku huumaliza kwa siku chache.

Mjomba alikata tawi lenye vifundo na mapindo, upande mmoja unene wa kama sentimita 4, ukienda ukipungua hadi kama 2 na nusu. Kwa kasuku wa kijivu huo ndio unene wa kumfaa: vidole vizunguke kiasi cha robo tatu ya mti, makucha ya mbele na ya nyuma yasikutane. Cherero na kasuku wadogo wanataka mti mwembamba zaidi, baina ya sentimita 1 na 2. Tuliusugua kwa brashi na sabuni kidogo, tukausuuza sana, tukaumwagia maji yanayochemka, tukauweka juani wiki nzima. Jua likiukausha mti mbichi huweza kuupasua, na ufa mwembamba hunasa kidole kama mtego, kwa hiyo kila jioni mjomba alipitisha kidole gumba juu yake kutoka mwanzo hadi mwisho, macho ameyafumba.

Gome la mpera, lazima niseme, lenyewe ni laini na hubanduka magamba. Mahali palipobanduka mjomba alichanja kwa kisu mikato myepesi ya kuzunguka, kina cha unene wa shilingi, halafu akaipitia kwa tupa mara moja tu ili kingo zisiwe kali. Ndio ushikaji wote huo. Hapana gundi, hapana rangi, hapana vanishi. Mapafu ya ndege ni mepesi kuchukua kila harufu, na kitakachobanduka kitaliwa.

Kabla hatujautia tunduni mjomba alifanya jambo ambalo sijaliona kwa mtu mwingine. Alipaka unga wa ngano kidogo kwenye ule ufito wake wa mvule, baada ya kuuvua kamba, akamsimamisha Johari juu yake. Alipomwondoa, unga ulikuwa umefutika mahali padogo tu chini ya kila mguu. Akamsimamisha tena, akamsogeza, tena, tena: alama zilezile, ukubwa uleule. Akapaka unga kwenye mpera. Hapo kila hatua iliacha alama yake, moja pana, moja nyembamba, moja imelala ubavuni mwa kifundo. Mjomba aliutazama unga ule kwa muda, kisha akajipangusa mikono kwenye shuka yake.

Kuufunga kulichukua saa nzima, na ninakuomba usiharakishe hapa, maana ufito unaozunguka ukikanyagwa ni mbaya kuliko unaoteleza. Mjomba alitoboa ncha nene kwa keekee, akatia bolti ya chuma kisichoshika kutu, washa pana ndani na nje ya nyaya, nati akaikaza. Ncha ya pili aliikata mkato wa kuukumbatia waya wa tundu, isiweze kugeuka. Nilikuwa nimeleta waya wa kufungia uliopakwa zinki. Akaurudisha mfukoni mwangu: kasuku huuma kila kinachong'aa, na zinki ni sumu kwake. Ufito huo na nyingine za mpera tulizoongeza tukaziweka chini, kama shubiri moja kutoka sakafuni, kwa sababu Johari bado alikuwa na mbawa fupi, na sakafu tukaitandika taulo chini ya magazeti. Hakuna ufito juu ya maji wala juu ya chakula, asije akakinyea. Mkia tukauachia nafasi usisuguane na nyaya. Mmoja mwembamba tukauweka mshazari, apande na kushuka. Kadiri manyoya ya mbawa yalivyoota ndivyo tulivyoupandisha ule wa kulalia. Mkasi sijautia tena mbawani. Dirisha la ukumbi nimelitia wavu.

Ufito wa mvule mjomba aliuomba, nikakataa kumpa. Uko ukutani karibu na beseni, natundikia taulo.

Usiku wa kwanza nilikaa ukumbini, taa nimezima. Johari alizunguka mti mpya mara nyingi, akitafuna hapa, akisimama pale, mguu wenye pengo akiutanguliza kwa hadhari. Alipofika kwenye kifundo cha katikati alikizungusha vidole, akajaribu uzito, akajaribu tena. Nikasikia mdomo unasagika polepole, kree, kree, ile sauti ya kasuku anayekaribia kulala. Manyoya yakatutumka. Kisha akauinua ule mguu wa makucha matatu, taratibu, akaufukia tumboni.